Saa Tano Hadi Saa Tisa

Jumapili, 7 Oktoba 1984

Nimefika nyumbani na koti langu jeupe la maabara kwenye mkoba, ingawa hakuna aliyeniambia nilibebe. Profesa Gachanja amenipa miezi mitatu ya kuandika tasnifu. "Nenda kwenu ukatulie," alisema, "Januari nataka kazi nzima mezani." Kwetu ni huku mlimani juu ya mji wa Wote. Mvua ya Machi haikuja, na watu wamekula mahindi ya manjano ya msaada mpaka wakaacha kulalamika.

Kitu cha kwanza nilichokiona sebuleni ni mimi mwenyewe. Mama ameitundika ile picha ya harambee ya Nairobi kati ya kalenda ya kanisa na picha ya marehemu baba. Nimekaa meza kuu, koti jeupe, mkono kidevuni. Ameitilia fremu, na chini ameandikisha kwenye kipande cha karatasi: Daktari Muthoki Kivuva.

"Mwaitu, mimi si daktari," nikamwambia mama. "Ninasomea seli. Sitibu mtu."

"Hizo seli ziko ndani ya mtu ama ziko nje?"

"Ziko ndani."

"Basi."

Kanisani nikaambiwa nisimame nipungie watu mkono. Nilisimama, nikapunga. Naandika daftari hili kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza nimekitumia kudanganya, na Kikamba mama atakisoma.

Jumatatu, 8 Oktoba

Jua. Nimepanga meza, nimepanga kalamu. Sijaandika neno.

Jumanne, 9 Oktoba

Mwethya. Hiki ni kikundi cha watu thelathini hivi wanaochimbiana mitaro na matuta, shamba moja baada ya jingine, ili mvua ikija isibebe udongo. Mama ni karani wao tangu kilipoanza, miaka kumi na moja sasa. Ana daftari la majina na fito ya mti wa mukau. Kila mtu anapimiwa fito moja: achimbe mtaro, arushe udongo upande wa juu, aukanyage mpaka ushike. Jioni mama anapita na fito, anapima kina na upana, anatia alama. Asiyekuja anaandikwa hayupo, na sehemu yake haiguswi na mtu. Inabaki pengo katikati ya tuta, kila mpita njia alione, mpaka mwenyewe aje.

Nilimuuliza kwa nini wasimsaidie mtu.

"Nikikuchimbia," akasema, "kwenye daftari nitaandika nini?"

Zamu hii ni shamba la Mama Ndolo, mjane, jirani yetu wa chini. Mwanawe yuko Mtito Andei, anauza mafuta ya magari. Sehemu yangu ilipakana na yake. Ardhi ni ngumu, jembe linaruka. Kufika saa nne viganja vyangu vilikuwa vimetoa malengelenge, na Mama Ndolo alikuwa amefika kiunoni akiniimbia.

"Daktari, hiyo ni ardhi, si mgonjwa. Haisikii uchungu. Piga."

Sikumaliza. Mama alipopita na fito alitazama mtaro wangu usiofika hata gotini, akaandika, akaenda. Nilikasirika kama mtoto.

Alhamisi, 11 Oktoba

Sikwenda mwethya. Nilisema naandika, na nitaandika kweli, ila si tasnifu. Nitaandika hiki ambacho kila nikikaa mezani kinakaa na mimi.

Ndani ya seli mna vitu vidogo viitwavyo mitokondria, ndivyo vinavyoipa seli nguvu. Vinajitengenezea protini chache vyenyewe, pembeni, mbali na kazi kubwa ya seli nzima. Swali letu ni moja: seli inapokua kuelekea kugawanyika, protini hizo hutengenezwa mfululizo, au kuna saa zake? Ili kujua, lazima seli zote ziwe za umri mmoja. Seli zangu zilitoka kwa kipanya cha Uchina, zinaishi kwenye chupa zikiwa zimeshika sakafu ya chupa. Inayogawanyika hujiviringa na kulegea. Unaitikisa chupa taratibu, zilizolegea zinatoka, unazigawa kwenye sahani, na hapo saa inaanza kuhesabiwa. Kila saa unachukua sahani moja. Unaitia dawa inayozima utengenezaji wa protini kwingine kote isipokuwa ndani ya mitokondria, unaitia lusini, kijenzi kimoja cha protini, yenye mnururisho, unasubiri, kisha mashine inakuhesabia kiasi gani kimeingia kwenye protini. Sahani kumi na tano, tangu mwanzo hadi saa ya kumi na nne.

Nilianza Jumamosi, tarehe tisa Juni, saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo saa za seli na saa za ukutani zilikuwa sawasawa. Mwanafunzi mwenzangu wa maabara, Wamucii, alikuwa Nyeri kwenye mazishi ya shangazi yake. Profesa alikuwa kwake. Saa nne na nusu watu wa kwetu wakaja na gari. Walikuwa na harambee ya tangi la maji la kanisa, na wakaniambia, Daktari, bila wewe meza kuu itakuwa na wazee watupu. Nilijua sahani haziwezi kungoja. Nikasema nitakaa dakika thelathini. Nilikaa kuanzia saa tano mpaka saa tisa na nusu, nikala kuku, nikapigwa makofi, nikapigwa picha.

Niliporudi sahani tano zilikuwa bado ndani ya kabati la joto, saa zao zimepita. Nilizimwaga kwenye sinki. Nikaendelea na saa ya kumi kana kwamba hakuna kilichotokea. Baadaye, mashine iliponipa namba zangu, nilichora mstari kutoka saa ya nne hadi saa ya kumi, nikasoma juu yake namba tano nilizozitaka, kisha nikaongeza hapa na kupunguza pale zisipendeze kupita kiasi.

Profesa aliutazama ule mstari akasema hajawahi kuona kazi safi kama hiyo kutoka kwa mwanafunzi. Mitokondria hutengeneza mfululizo, akasema, bila kupumzika. Amelisema hilo kwenye mkutano.

Nimeandika. Sijasikia nafuu yoyote.

Jumapili, 14 Oktoba

Nimeitazama ile picha vizuri kwa mara ya kwanza. Nyuma ya kichwa changu, ukutani, kuna saa. Inasema saa saba na robo. Na nyuma ya picha muhuri wa mpiga picha, 9 JUN 1984. Nimeirudisha msumarini.

Jumanne, 16 Oktoba

Mzee Jonah, mzee wa kanisa anayeshika ufunguo wa sanduku letu la posta, ameniletea barua ya Wamucii. Sikwenda mwethya, nilisema kichwa kinauma.

Wamucii anarudia jaribio langu kwa mikono yake, ili tasnifu yake ianzie pale yangu inapoishia. Amelirudia mara tatu. Mara zote tatu namba zake zinapanda kutoka saa ya tano, zinafanya kilima, kisha zinashuka kufikia saa ya tisa. Profesa anasema sahani zake zimeingiwa na bakteria, kwamba mikono yake si safi. Nainakili sehemu hii:

"Dada Muthoki, najua una kazi nyingi. Lakini nisaidie. Siku ile ulifanyaje kati ya saa ya tano na ya tisa? Nifundishe. Nimejaribu kuosha kama unavyoosha, kutikisa kama unavyotikisa, na bado sipati mkono wako."

Jumatano, 17 Oktoba

Joto. Mbuzi wa Mama Ndolo wamekula kamba ya nguo.

Alhamisi, 18 Oktoba

Nimemjibu Wamucii. Nimemwandikia kurasa mbili: abadilishe seramu inayolisha seli, aoshe sahani mara tatu badala ya mbili, na hizo seli azitupe zote aanze na chupa mpya kutoka kwenye barafu, maana huenda za zamani zimechoka. Nimeandika kama dada mkubwa. Nikaweka na salamu za mama.

Kuanza na seli mpya kunakula wiki tano. Najua hilo kuliko mtu yeyote. Mzee Jonah alipoichukua bahasha alisema, "Kazi njema, Daktari," na nikasema asante.

Jumamosi, 20 Oktoba

Mama asubuhi, akichemsha uji: "Jumanne kikundi kinahamia kwa kina Nzuki. Shamba la Mama Ndolo limebaki pengo moja."

"Nitakwenda."

"Watu wanaliita pengo la Daktari."

Nilikwenda peke yangu mchana watu wakiwa sokoni. Nilichimba kidogo. Viganja vikafunguka tena. Nikaona ule udongo laini uliokuwa umerundikwa na wengine kando, nikauzoa nikaujenga uwe tuta, bila kukanyaga. Ndani ya mtaro niliparuza tu, nikalaza mabua ya mahindi juu yake, kama watu wanavyofanya kuzuia jua. Ukitazama kutoka njiani, ni mtaro na ni tuta.

Jumanne, 23 Oktoba

Mama alipita kwa Mama Ndolo na fito begani. Alisimama mbele ya sehemu yangu, akaitazama, akanitazama. Hakuishusha fito. Alitia alama akasema, "Sasa ni kazi," na jioni akanichinjia kuku.

Nilimla.

Ijumaa, 26 Oktoba

Upepo. Mawingu yamekuja yakaondoka.

Jumatano, 31 Oktoba

Imenyesha. Kuanzia saa nane mpaka kuingia kwa giza. Watu wamesimama nje wakilowa kwa kutaka. Mama Ndolo alikuja kwetu maji yanamchuruzika, ameficha kopo chini ya khanga. Lilikuwa la mbegu za ndengu. Mwaka huu wote wa njaa amelala nalo chini ya kitanda bila kuligusa.

"Nilikuwa naliambia kila asubuhi, leo nitakula wewe," alisema. "Halafu nakula majani."

Ijumaa, 2 Novemba

Kupanda. Mgongo.

Jumatatu, 5 Novemba

Kupanda. Tasnifu, kurasa sita. Sura ya matokeo sijaifungua.

Jumamosi, 10 Novemba

Ndengu zimetoka ardhini. Mama Ndolo anatembea katikati ya mistari kila asubuhi, hagusi kitu, anaangalia tu. Nikimwona nafurahi, kisha nakumbuka tuta.

Jumanne, 13 Novemba

Barua ya Profesa. Kamati ya idara itakaa tarehe kumi na nne Desemba kuamua kama Wamucii aendelee na shahada au aondolewe kwa kutofaa kazi ya maabara. Amenitumia jedwali langu la tarehe tisa Juni likiwa limepigwa chapa upya, namba zote kumi na tano, na chini yake mstari wa sahihi. Anasema: "Thibitisha tu kwamba ulizipata hivi, kwa mkono wako. Hiyo itatosha kuonyesha tatizo liko kwa nani."

Nimeliweka ndani ya Biblia ya baba. Nikiweka sahihi, Wamucii anarudi Nyeri na jina la mtu mchafu. Nisipoweka, mimi ndiye ninayerudi nyumbani, na huku ndiko nyumbani. Nimekaa nalo siku nzima. Mama ananiuliza kama nina malaria.

Ijumaa, 16 Novemba

Mvua kubwa tangu adhuhuri. Saa tisa tulisikia Mama Ndolo akiita kutoka bondeni, si kupiga kelele, kuita tu, jina la mama mara nyingi.

Tuta limepasuka. Mitaro ya juu ilijaa, maji yakatafuta pa kupita, yakapita kwangu. Yale mabua yalikuwa yanaelea. Tuta langu lote halikuwepo, limelika mpaka chini, na lilipokwenda lilichukua la Mama Ndolo lililo kando, hatua nane au kumi. Chini yake shamba limekatwa korongo. Nusu ya ndengu imekwenda mtoni. Mama Ndolo alikuwa amepiga magoti kwenye matope akiyapapasa kwa vidole, akiokota mche mmoja mmoja, akiweka ndani ya lile kopo.

Nilipiga magoti nikaokota pia. Nilikuwa nalia lakini mvua ilikuwa nyingi, hakuna aliyejua.

Jumamosi, 17 Novemba

Kikundi kilikuja kuangalia. Walisimama kwenye ukingo na makoti ya mvua vichwani. Kilichobaki kuonekana ni pengo moja kubwa, na sehemu yake kubwa ni ya Mama Ndolo. Kiilu, fundi wa cherehani, aliingia mtaroni, akashika udongo wa pembeni, akasema bila ubaya wowote, "Hapa hapakukanyagwa."

"Ni kwangu hapo," Mama Ndolo akasema. "Labda miguu yangu. Siku ile nilikuwa na njaa, labda nilikanyaga vibaya."

Watu wakasema pole. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu akizeeka apewe fito nusu. Mama alikuwa amesimama kando yangu na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa anatazama chini, mahali ambapo bua moja lilikuwa limekwama kwenye mzizi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nahesabu, ilikuwa kama dakika tano nzima. Nilitazama miguu ya Mama Ndolo, peku, imepasuka visigino, na yeye mwenyewe alikuwa anaitazama. Sikusema.

Jumapili, 18 Novemba

Mama hakuimba kanisani.

Jumatatu, 19 Novemba

Barua ya Wamucii, fupi. Ametupa seli zote kama nilivyomshauri. Mpya bado hazijashika. Hatakuwa na kitu cha kuonyesha kamati. "Labda Profesa anasema kweli kuhusu mikono yangu," ameandika. "Siku hizi naiosha mpaka ngozi inatoka."

Jumanne, 20 Novemba

Nimemwambia mama.

Ilikuwa mchana, mvua nyembamba, jikoni. Alikuwa anachagua mawe kwenye maharagwe. Nilikaa kwenye kigoda nikasema, "Mwaitu, tuta la Mama Ndolo nililiangusha mimi."

Hakuinua macho. "Mabua uliyalaza wewe?"

"Mimi."

"Ulipoyalaza, chini yake ulikuwa umechimba kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Kiganja, pengine kiganja na nusu.

Alichagua jiwe, akalitupa mlangoni. Akachagua jingine. Nilingoja anitukane, ningefurahi kutukanwa.

"Miaka kumi na moja," akasema, "nimempima kila mtu. Nimempima mchungaji. Baba yako akiwa na homa nilimpima, nikamwandika amepungukiwa, akanuna wiki nzima. Wewe sikukupima. Fito ilikuwa begani hapa. Unajua kwa nini?"

"Uliniamini."

"Hapana. Niliona yale mabua nikajua. Niliona haya kukupima mbele ya watu, wewe uliye ukutani kwangu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kwa hiyo daftari limeandikwa uongo na mkono ni wangu. Halafu juzi nikamwacha yule mama aangalie miguu yake. Nami nilisimama hapo."

Aibu yangu nimeizoea, naijua inakokaa. Hii ya kwake sikuwahi kufikiria kwamba ingekuwepo. Nilitamani ardhi ya kule bondeni inifunike.

Kisha, kwa sababu nilikuwa nimeanza, nikamwambia na lile la pili. Nilimweleza polepole, sahani, saa, harambee, sinki. Nilimwambia nilivyochora mstari nikasoma namba juu yake. Nilimwambia kuhusu barua yangu ya kurasa mbili. Aliuliza maswali machache, kama karani.

"Huyo msichana anajua?"

"Hajui. Anafikiri ni mikono yake."

"Kama Mama Ndolo."

"Kama Mama Ndolo."

"Na wewe unajua ukweli ni upi? Hicho kilima chake kipo?"

"Sijui, mwaitu. Huenda kipo, huenda ni uchafu kweli. Siwezi kujua. Sikuwepo."

Mama aliusukuma ungo kando. "Hilo ndilo la kuandika," akasema. "Umemaliza mwezi na nusu unatafuta la kuandika."

Alhamisi, 22 Novemba

Mwethya. Kabla ya majina kuitwa mama alisimama akasema mbele ya wote alichofanya, kwa maneno machache, hakunitaja. Akaliweka daftari na fito chini. Wakamwambia aendelee, kosa ni moja katika miaka kumi na moja. Akasema kosa moja linatosha, hataki mtu atazame alama zake akijiuliza ipi ni ipi. Daftari amelichukua Kiilu.

Kisha nikasema langu. Nilisema pengo lilikuwa langu na niliwafichia kwa mabua. Mama Ndolo akasema, "Wiki nzima naiangalia miguu yangu. Usiku naikanda mafuta. Nilidhani imenifia."

"Nisamehe, mama."

"Ndengu zitaota nyingine, nikipata mbegu. Lakini ulisimama hapo kando yangu, Muthoki. Ulikuwa unaniona." Hakuniita Daktari. "Hilo bado sijajua nitalifanyia nini."

Nilichimba peke yangu mpaka saa kumi na moja, sehemu yangu na yake. Kiilu alipima. Nilipungukiwa vidole vinne, akaandika nimepungukiwa, nikarudi mtaroni nikaviongeza.

Jumamosi, 24 Novemba

Barua kwa Profesa iko tayari. Jedwali nimemrudishia bila sahihi, zile saa tano nilizozibuni zimekatwa kwa kalamu nyekundu. Ya Wamucii nayo iko tayari, nimeiandika mara saba, na kila mara niliona najitetea, nikachana. Iliyobaki ni nusu ukurasa.

Mama aliuliza, "Profesa ataamini?"

Nilifikiri. Anaupenda ule mstari kuliko hata mimi. Atasema namhurumia mwenzangu, ndiyo maana najisingizia. Nilimwambia hivyo.

Mama alisimama juu ya kiti, akaitoa ile picha msumarini. Alifungua fremu kwa kisu cha jikoni, akaivuta picha kwa uangalifu, akaigeuza akasoma muhuri, akaigeuza tena akaweka kidole kwenye saa ya ukutani.

"Saba na robo," akasema. "Wakati huo ungekuwa na sahani mkononi?"

"Ya saba. Ningekuwa nayo, ndiyo."

"Itie ndani ya bahasha. Hicho kikaratasi cha chini niachie, kitawasha moto."

Ukutani pamebaki mraba safi, kila kitu kingine kimeshika moshi.

Jumatatu, 26 Novemba

Mzee Jonah amezipeleka barua Wote mwenyewe, mto ukiwa umepungua. Nilimwambia mimi si daktari. Alisema alijua siku nyingi, aliwahi kumwuliza mpwa wake anayefanya kazi chuoni. "Sasa kwa nini uliniita hivyo?" "Mama yako alikuwa anafurahi," akasema.

Jumapili, 2 Desemba

Mvua. Nimempelekea Mama Ndolo mbegu tulizobakiza. Alizipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani.

Jumatano, 5 Desemba

Palizi.

Jumatano, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Ngoma sokoni. Nililima mpaka ngoma zikaisha.

Ijumaa, 14 Desemba

Leo kamati imekaa. Sikula. Mama naye hakula, ingawa alisema ameshiba.

Jumanne, 18 Desemba

Profesa amejibu kwa mistari minne. Nimeondolewa, na ufadhili umekoma mwezi huu. Jedwali la tarehe tisa Juni limefutwa, naye atawaandikia wale wa mkutano. Wamucii anaendelea. Picha ameirudisha, imekunjwa katikati.

Mama aliiweka ndani ya Biblia. Hakuitundika.

Alhamisi, 20 Desemba

Mama Ndolo alipita shambani kwetu nikipalilia. Alisimama kidogo. "Unakata mizizi," akasema. "Shika jembe hivi." Akanionyesha, akaenda zake.

Jumamosi, 22 Desemba

Barua ya Wamucii. Nilikwenda kuisomea kando ya tuta, nimekaa juu ya sehemu yangu.

"Muthoki," ameandika, hakuna dada. "Nilitupa seli zangu kwa sababu yako. Nilisimama mbele ya profesa wangu mara tatu nikaomba msamaha kwa kitu ambacho huenda ni kweli. Siwezi kukuambia nimesamehe, nikikuambia itakuwa uongo, na uongo umetosha. Usiniandikie kwa muda.

"Ila jambo moja. Nalirudia jaribio lote Januari na nahitaji kitu cha kulinganisha. Zile saa ulizokuwepo, zilikuwa kazi nzuri, nakumbuka mkono wako. Nitumie hizo. Hizo tu."

Jumatatu, 24 Desemba

Ndengu za Mama Ndolo zimetoa maua, upande wa juu ambao haukubebwa. Mama anapika. Mimi nimefuta meza, nimefungua kile kitabu changu cha maabara, nimechukua karatasi safi na rula. Nimechora safu mbili. Nimenakili namba za mashine kama zilivyotoka, bila kuongeza wala kupunguza, kuanzia mwanzo hadi saa ya nne. Kisha nikaendelea kushuka, kila saa na mstari wake:

Saa ya tano: sikuwepo.
Saa ya sita: sikuwepo.
Saa ya saba: sikuwepo.
Saa ya nane: sikuwepo.
Saa ya tisa: sikuwepo.

Nikaandika ya kumi na namba yake, na zilizofuata. Chini nikaweka sahihi, jina langu peke yake.